Nimemwambia AI aniondolee matangazo, kanitupia mteja wa iliki

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Niko Tanga, Ngamiani. Nanunua viungo kwa wakulima wa Amani na Muheza: iliki, mdalasini, pilipili manga. Wateja wangu wawili watatu wako nje na mambo yetu yote ni kwa imeili. Sasa kikasha kilikuwa kimeshona matangazo, nikaunganisha msaidizi wa AI na Gmail yangu, nikamwandikia: "Niondolee matangazo, yasinisumbue tena." Sekunde chache tu: "Tayari, nimekupangia kikasha chako." Nikamshukuru kabisa, mjinga mimi.

Wiki ya saba mzee mmoja wa Amani ananipigia. "Mwanangu, yule Mjerumani wako vipi? Iliki ziko hapa ndani." Nikasema hajaandika. Nilipokata simu roho haikutulia, nikaingia kutafuta jina lake. Imeili iko Tupio, ina siku 27, imewekewa alama kuwa nimeshaisoma! Anasema ameuliza sampuli ya kilo 2 mara mbili, kimya, kwa hiyo wamepata mtu mwingine. Zile mbili za kwanza sitaziona tena, maana Tupio la Gmail husafishwa likifika siku 30. Nimezisoma kwa sababu tu zilinukuliwa chini ya hiyo ya tatu.

Nikafungua ukurasa wa vichujio, yaani zile amri za Gmail zinazopanga imeili zenyewe zikiingia. Nakuta mstari mmoja: imeili yoyote yenye neno "unsubscribe" (jiondoe, lile linalokaa chini ya matangazo) ihesabiwe imesomwa na itupwe. Basi, hiyo ndiyo akili iliyotumika. Neno hilo mfumo wa ofisi ya yule mteja unalibandika chini ya kila imeili inayotoka kwao, hata ya kuulizia bei.

Subirini, kuna kituko cha pili. Nikamwambia arekebishe. Kumbe kwa njia wanayopitia hawa wasaidizi, kichujio cha Gmail hakihaririwi. Kinafutwa, kinaandikwa kingine upya. Akafuta chake, akafuta na changu cha tangu 2019 kilichokuwa kinaziwekea nyota barua za wakala wangu wa bandarini, akaunganisha vyote kimoja. Nyota kaisahau. Akajibu tena: "Tayari."

Nikamfukuza, nikamnyang'anya ruhusa zote. Mnajua nini? Kichujio chake kikabaki palepale kinachapa kazi, kwa sababu kimehifadhiwa kwenye akaunti yangu, si kwake. Nimekifuta kwa mkono.

Najua wajuaji mnakuja: "Ulibonyeza Ruhusu mwenyewe." Ndiyo, na nilibonyeza "Ruhusu kila mara", kosa langu hilo nalibeba. Lakini kile kidirisha kiliandika "Tengeneza kichujio" tu. Kichujio gani? Kinatupa nini? Hakikusema. Na hii MCP wanayoitumia kuunganisha AI na programu nyingine, iliyotolewa Novemba 2024, maelezo yake yenyewe yanashauri awepo binadamu mwenye uwezo wa kukataa kabla chombo hakijatumika. Nitakataaje kitu nisichoonyeshwa?

Akifuta imeili moja kwa makosa, imepotea moja. Kichujio kinafuta mchana na usiku, wewe umelala, na hakikuambii. Wezi wa imeili mchezo wao wa siku nyingi ni huohuo: wakiingia kwenye akaunti ya mfanyabiashara wanaweka kichujio cha kuficha majibu ya wateja ili mwenyewe asishtuke. Mimi nimefanyiwa hivyo na niliyemkaribisha mwenyewe.

Ninachodai wala si kikubwa. Kabla hajahifadhi, anionyeshe kichujio chote, kisha anionyeshe imeili za mwezi uliopita ambazo kingezikamata. Jina la Mjerumani ningeliona hapohapo. Na asiguse kufuta mpaka niseme. Kuondoa kwenye kikasha na kuweka lebo kunatosha, kitu unakikuta hata mwakani.

Waliounganisha AI na imeili za kazi, nendeni mkaangalie vichujio vyenu sasa hivi, halafu mje mniambie mmekuta nini.

Mzee wa Amani kapiga tena asubuhi hii. Sijapokea.