Naomba ushauri: ninataka kuacha kazi nikifika miaka 50, je, nibane matumizi kwa kiasi gani?

Mhasibu wa Pwani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 46, ni mhasibu katika hoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja, na kwetu ni Wete. Mwaka 2020, hoteli zilipofungwa kwa sababu ya Korona nasi tukarudishwa nyumbani bila ya mshahara, niliazimia kutomtegemea mwajiri hadi uzeeni. Ninakusudia kuacha kazi nikitimiza miaka 50. Mshahara unaonifikia mkononi ni shilingi 1,600,000. Ninaweka 900,000 kila mwezi, na 700,000 zinazobaki ndizo za nyumba nzima, pamoja na watoto wawili wa skuli. Akiba yangu hadi sasa ni milioni 38. Mke wangu analalamika kuwa nazi moja anaikamulia tui la siku mbili, na kwamba watoto hawajapata nguo tangu Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Je, niendelee na kiwango hiki au nipunguze?

Bi Mkubwa wa Mkunazini
Waalaykumu salaam, mwanangu. Matumizi ya mke na watoto ni haki iliyo juu yako leo, wala haisubiri utimize miaka 50. Marehemu mume wangu alibana hivyo hivyo kwa ajili ya nyumba ya Fuoni, na ilipokwisha, watoto wote walikuwa wameshahamia Dar es Salaam. Sikatai kuwa kodi ya nyumba hiyo ndiyo inayoninunulia dawa hivi sasa, na kila mwezi ninamwombea dua. Hata hivyo, miaka ile watoto walikula mchuzi mwepesi, na mimi ndiye niliyeupakua.

Hesabu Safi
Tuanze na tarakimu. Wengi husema uwe na mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Kanuni hiyo inatokana na kazi ya Mmarekani William Bengen ya mwaka 1994, aliyepima hisa na hati fungani za Marekani kwa ustaafu wa miaka 30. Si lazima ikufae wewe uliye hapa. Matumizi yako ni milioni 8.4 kwa mwaka, na mara 25 ni milioni 210, ambazo huzifikii. Lakini nikiweka 900,000 kwa miaka minne juu ya milioni 38, unapata milioni 81.2. Kwa kuwa ustaafu wa hiari katika ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, huanza miaka 55, unachohitaji kwanza ni kuvuka miaka mitano, yaani milioni 42, kabla ya pensheni kuanza kukusaidia. Bei zitapanda na lazima uache nafasi kwa hilo, ila mpango wako si wa kuchekwa.

Mstaafu wa Chake
Hesabu ya mwenzangu inasimama ikiwa hizo milioni 38 zipo. Shekhe, umetaja kila kitu isipokuwa mahali fedha zilipo. Zikikaa bure, kupanda kwa bei kunazila, na zaka ya asilimia 2.5 kwa mwaka ni shilingi 950,000, ambayo inazidi akiba yako ya mwezi mzima.

Mhasibu wa Pwani
Ninashukuru. Ziko mahali salama na zinazaa kwa njia ya halali. Ningependa turudi kwenye suala la kiwango.

Mstaafu wa Chake
Hakuna kiwango bila ya kujua zilipo. Ziko benki, ziko kwenye kiwanja, au ziko mikononi mwa mtu?

Mhasibu wa Pwani
Haya, nitasema. Milioni 14 ziko benki. Milioni 24 nimemlipa mwenye shamba la mikarafuu huko Pemba, nimelikodi kwa misimu mitatu, na Ijumaa ijayo ninatakiwa kumalizia milioni 8. Mke wangu hajaambiwa, kwa sababu nilitaka aone faida kwanza. Msinihukumu kwa haraka. Mimi ni mtoto wa Pemba, riba siitaki, na karafuu mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, kwa hiyo soko halina wasiwasi. Mzigo wa shamba lile nimeuona: mwezi wa Aprili majamvi yalijaa uani hadi hapakuwa na pa kukanyaga.

Kwetu Mtambwe
Nimekulia chini ya mikarafuu na ninaipenda, ndiyo maana ninasema. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Msimu mmoja matawi yanainama, unaofuata unapata za kupikia pilau tu. Mkodishaji amekwishalipwa, lakini wewe bado utawalipa wachumaji kwa pishi, utalipa wa kuchambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, utanunua majamvi na utaweka mlinzi. Mvua ikikukuta umeanika, daraja la karafuu linashuka na bei inashuka nalo. Ndugu yangu mkubwa alikodi mara moja na hakurudia.

Mdadisi
Samahanini, mimi ninaona tunapoteza muda. Mhasibu anayetoa milioni 24 bila ya kutaja karatasi hata moja? Na karafuu gani hizo za kuanikwa Aprili? Karafuu huchumwa kuanzia Julai, na za vuli humalizika mapema mwakani. Aprili ni masika, hakuna anayeanika. Uzi huu umetungwa, na kesho atatokea mtu wa kutangaza mashamba ya kukodi.

Bi Mkubwa wa Mkunazini
Na mimi nimeanza kuingiwa na shaka. Hata huyo mke sijui kama yupo.

Mhasibu wa Pwani
Wallahi sikutunga. Sikwenda shambani mwenyewe kwa sababu kazi haikuniruhusu. Nilitumiwa picha kwenye simu mwezi wa Aprili, nikaambiwa ni mzigo wa wiki ile. Karatasi ipo, ila tuliisaini wawili tu, bila ya Sheha, kiongozi wa Serikali wa shehia.

Kwetu Mtambwe
Basi ni picha ya msimu mwingine, na labda ya uani kwa mtu mwingine. Hiyo milioni 8 usiitume. Nenda mwenyewe, umuone Sheha wa shehia hiyo, uulize shamba ni la nani: ni eka za Serikali, au ni la urithi lenye warithi ambao hawajashirikishwa? Kisha uhesabu mikarafuu kwa macho yako.

Hesabu Safi
Nami ninarekebisha. Tuchukulie milioni 14 tu. Ukiweka 800,000 na nyumba ikapata 800,000, ukaacha kazi miaka 52 badala ya 50, utakuwa na milioni 71.6. Miaka mitatu hadi 55 itakula milioni 28.8. Mkeo anapata nafuu mwezi huu, nawe unabakiwa na milioni 42.8 pamoja na pensheni.

Mhasibu wa Pwani
Fedha sijazituma. Jana usiku nimemweleza mke wangu; amekasirika, na ana haki. Tutapanda boti pamoja, kwani mjomba wake anaishi karibu na shehia hiyo na anafahamiana na Sheha. Suala la miaka 50 au 52 ninaliweka kando hadi nijue kama shamba lipo, lakini 100,000 ya nyumba nimeiongeza kuanzia mwezi huu.