Naombeni ushauri: makala juu ya Isaac Lampronti, rabi na tabibu wa Ferrara

Ndugu zangu, naandika makala fupi juu ya Isaac Lampronti (1679–1756), rabi wa Ferrara, Italia, aliyesomea utabibu Padua, mji ambao chuo kikuu chake kilikuwa miongoni mwa vichache vya Ulaya vilivyowapokea Wayahudi, kisha akaishi akitibu wagonjwa, akifundisha, na kukusanya kamusi kubwa ya sheria za Kiyahudi, Pahad Yitzhak, iliyoanza kuchapishwa Venice mwaka 1750 na kukamilika karne ya 19, yeye akiwa kaburini siku nyingi.

Nimekwama kwenye chawa. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho na sheria za Kiyahudi, iliruhusu kumuua chawa siku ya Sabato kwa hoja kwamba hazaliani kama viumbe wengine. Lampronti, akijua kuwa wataalamu wa zama zake walikwisha kuonyesha kwamba wadudu hutoka kwenye mayai, aliona mwenye kujihadhari asimuue, lakini mwalimu wake, Judah Briel wa Mantua, alishikilia kwamba sheria ya wahenga haibadilishwi na uchunguzi wa wanadamu.

Je, nianze na mjadala huu, au nifuate mpangilio wa miaka? Binafsi navutwa na chawa, maana hapo ndipo tabibu na rabi wanapogongana ndani ya mtu mmoja. Pili, majibu ya marabi kwa maswali ya sheria niyaite fatwa, neno ambalo msomaji wa pwani atalielewa papo hapo, au litampotosha? Mhariri anataka rasimu Ijumaa.