Plasta bado: nyaya gani ziingie ukutani kwa nyumba janja?

Mjenzi_Kyeshero

Jambo wakubwa. Nyumba iko Kyeshero, Goma, vyumba 3 na saluni, kuta za mawe ya volkano za sentimita 40. Bati limeshapigwa, plasta bado. Fundi wa umeme anaanza Jumatatu.

Ninataka taa zote ziwake kwa simu na pia kwa swichi ya ukutani. Pompa ya 0.75 kW ipandishe maji ya mvua kutoka tangi la chini hadi tangi la juu la lita 1,000, kisha ijizime. Kamera 2, moja getini. Umeme unakatika masaa mengi na intaneti ni ya vifurushi vya simu. Sokoni kuna swichi za kioo za waifai, bei si mbaya. Ninunue hizo? Na nini lazima kipite ukutani sasa, maana jiwe hili sitaki kulitoboa mara ya pili?

Fazi_na_Netri

Ndugu, swichi ziache kwanza, shughulika na netri, waya unaorudisha umeme. Kwa kawaida fundi anashusha nyaya 2 tu kwenye swichi: fazi (waya wenye umeme) inayoingia na ile inayokwenda kwenye taa. Swichi ya elektroniki inahitaji umeme wake hata taa ikiwa imezimwa. Isipopata netri, inajilisha kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya balbu. Balbu ya LED ya wati 5 haivumilii jambo hilo: itamemeteka usiku kucha, au swichi yenyewe itakuwa inajizima ovyo. Mwambie fundi waya wa netri, ule wa buluu, ushuke kwenye kila boksi la swichi, bila kuruka hata moja. Ukishapiga plasta juu ya nyaya 2, umejifungia mlango.

Swichi za kioo nyingi zimetengenezwa kwa boksi la mraba, na mafundi wetu wanaweka ya duara. Mimi ningeweka swichi ya kawaida ukutani na moduli ndogo ya rilei nyuma yake, yaani kiswichi cha elektroniki kinachoamriwa kwa simu. Moduli ikiungua, unaitoa, unaunganisha nyaya kama zamani, na taa inawaka jioni hiyohiyo. Swichi ya kioo ikiungua unabaki gizani hadi upate nyingine ya aina ileile. Ila moduli inataka nafasi: nunua maboksi yenye kina cha milimita 50 au 60, si ya 40. Ndani ya 40 nyaya zinabanana na joto halina pa kutokea.

Mirija iwe ya milimita 20, siyo 16. Pitisha pia mirija mitupu yenye kamba ndani: mmoja kutoka kwenye mita hadi katikati ya nyumba, mmoja kila mahali pa kamera, mmoja chini ya ardhi hadi getini. Usichanganye kebo ya mtandao na nyaya za 220 V ndani ya mrija mmoja. Jiwe la sentimita 40 linameza waifai vibaya sana. Kamera ya getini ipate kebo, usiitegemeze kwenye hewa.

Boya_la_Juu

Kwenye pompa ndiko watu wanakounguza vitu. Moduli imeandikwa 10 A au 16 A, lakini hesabu hiyo ni ya mizigo kama pasi. Mota ya 0.75 kW inatumia kama 5 A ikizunguka, na wakati wa kuanza inavuta mara 5 hivi ya hapo. Baada ya muda vidole vya rilei, vile vinavyogusana kupitisha umeme, vinashikana kwa cheche. Simu inaonyesha «imezimwa», pompa inaendelea, tangi linamwagika.

Kwa hiyo moduli iamuru kontakta (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya koili) ya 25 A yenye koili ya 220 V, na kontakta ndiyo ilishe pompa. Njia ni hii: tokeo la moduli, boya (swichi inayoelea) la tangi la chini, boya la tangi la juu, kisha A1, ncha moja ya koili. A2, ncha ya pili, inakwenda netri. Boya la chini linakata maji yakiisha, kwa sababu pompa ikizunguka kavu sili yake inaungua. La juu linakata tangi likijaa. Yakikaa mfululizo hivyo, pompa itasimama hata kama simu, ruta na intaneti vyote vimekufa. Usikubali kamwe kazi ya kusimamisha maji iachiwe programu peke yake.

Boya moja lina nyaya 3. Pima kwa mita ujue zipi zinafunga likiinuka na zipi likishuka, rangi zinabadilika kwa mtengenezaji. Weka rilei ya joto, inayokata mota ikizidiwa, kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, na dijonkta diferansieli (inayokata umeme ukivuja) ya 30 mA kwa mstari huu, kwani boya linabeba 220 V ndani ya maji. Weka pia kilinda-volti chenye kuchelewa dakika 3, kisiruhusu chini ya 190 V. Volti ikishuka, mota inavuta mkondo zaidi na kuchemka.

Kwenye moduli zote chagua kwamba umeme ukirudi zibaki zimezimwa. La sivyo saa nane za usiku nyumba nzima inawaka.

Mjenzi_Kyeshero

Aksanti sana, netri nitamwambia leo. Na umeme ukikatika, simu itaamuru vipi?

Betri12

Ndani ya nyumba, bila intaneti, kama ubongo uko kwako. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye Home Assistant (programu ya kuendesha nyumba janja) na kipokezi cha Zigbee (redio ya kuzungumza na moduli) inatosha. Programu iweke kwenye diski ya SSD. Kadi ndogo ya kumbukumbu inakufa haraka pale umeme unapokatwa ghafla. Kipokezi kikae kwenye kebo ya USB ya mita 1, mbali na kompyuta, kwani USB 3 inavuruga mawimbi yake.

Hesabu: ruta 8 W, Pi na kipokezi 7 W, kamera mbili 10 W. Jumla 25 W. Betri ya lithiamu-fosfeti ya 12.8 V, 50 Ah ina 640 Wh. Ukitumia asilimia 80 unapata kama masaa 20. Usiunganishe ruta moja kwa moja kwenye betri, ikichajiwa inafika 14.4 V. Pitia kirekebishi cha kutoa 12 V thabiti.

Kamera zirekodi nyumbani. Moja ikituma 1 Mbps mchana na usiku ni kama GB 10.8 kwa siku; kifurushi hakitafika jioni.

Mama_Waya

Papa Mjenzi, na waya wa ardhi? Kivu ina radi nyingi mno, na fimbo ya shaba haingii kwenye lava. Ukipata sentimita 30 tu, mwamba. Chimba mfereji kuzunguka nyumba pale penye udongo, sentimita 60 hadi 80, ulaze shaba tupu ya milimita 25 za mraba, kisha funika kwa udongo wa bustani, si changarawe ya lava: changarawe haishiki unyevu. Chumvi usiweke, mvua inaisomba na kabla ya hapo inakula shaba. Iunganishe na ubao wa umeme, weka kizuia-radi cha aina ya 2, kisha fundi apime ukinzani wa ardhi. Ikizidi omu 100, ongeza urefu wa mfereji kabla ya kununua hata moduli moja.