Kikundi chetu cha vijana kinataka kuleta mabadiliko: tuanzie wapi?

Chipukizi
Ndugu zangu, mimi na wenzangu, wote tukiwa na umri wa kati ya miaka 17 na 23, tumeunda kikundi kwa nia ya kuleta mabadiliko katika jamii. Tuliandika malengo mengi: kupambana na dawa za kulevya, kutunza mazingira, kukuza ajira na kuinua elimu. Vikao vinafanyika na mihtasari inaandikwa, lakini hakuna kilichobadilika nje ya chumba tunachokutania, na viongozi tuliowaendea walitupongeza kisha wakatuaga. Je, vijana wasio na fedha wala cheo waanzie wapi?

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, tatizo lenu si fedha. Kiongozi anayeletewa malengo manne makubwa kwa pamoja hana cha kukubali wala cha kukataa, kwa hiyo anawapongeza. Watazameni wanafunzi wanne wa chuo walioketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, Marekani, tarehe 1 Februari 1960. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umewabana kila upande, lakini pale walidai jambo moja tu, nalo ni kuhudumiwa hapo walipoketi. Kwanza walinunua vitu vidogo kwingineko katika duka hilo hilo na kutunza risiti, ili watakapokataliwa waulize kwa nini fedha yao inapokelewa upande mmoja na kukataliwa upande wa pili. Kesho yake walioketi walizidi 20, na tarehe 25 Julai mwaka huo kaunta ile ilianza kuwahudumia watu weusi. Wengi husifu ujasiri wao, nami siupuuzi, ila kinachonivutia zaidi ni zile risiti, kwa kuwa zinaonyesha hoja ilipangwa mapema.

Wakili Mtarajiwa
Naafikiana na Mwalimu kuhusu kuchagua dai moja, ingawa mfano wake unaweza kumfanya kijana aamini kwamba kugoma ndiyo hatua ya kwanza. Vijana wa Nigeria waliotaka umri wa kugombea uongozi ushushwe walianza kwa kufuatilia uamuzi wenyewe unapitia wapi. Kwa kuwa kubadili katiba yao kunahitaji, pamoja na kura za Bunge la Taifa, idhini ya angalau mabunge 24 kati ya 36 ya majimbo, waliyapelekea mabunge hayo pia ushawishi wao. Rais alitia saini tarehe 31 Mei 2018, umri wa kugombea urais ukashuka kutoka miaka 40 hadi 35, na wa Baraza la Wawakilishi kutoka 30 hadi 25. Useneta na ugavana vilibaki palepale, nao wakapokea kilichopatikana. Basi ulizeni nani anatia saini, na bajeti yake huandaliwa lini, kwa sababu barua nzuri inayofika baada ya bajeti kupitishwa itasubiri mwaka mzima.

Chipukizi
Shikamoo Mwalimu, nawe Wakili nakushukuru. Tumekubaliana kudai kivuko kwenye barabara inayopita mbele ya shule ya msingi. Wenzetu wawili wamenuna, wakisema jambo hilo ni dogo mno kwa kikundi chetu.

Mama Wawili
Usiwabembeleze, mdogo wangu, wape kazi. Wakae ukingoni mwa barabara wanafunzi wanapoingia asubuhi na wanapotoka alasiri, kwa juma zima la masomo, wakiandika saa, idadi ya watoto wanaovuka, na kila gari linalofunga breki ghafla. Wamwangalie yule wa darasa la kwanza anayeshuka hatua moja, anarudi nyuma, anashuka tena, hadi mkubwa mmoja amshike mkono. Takwimu hizo ziambatanishwe na barua yenu, nanyi mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, la sivyo mtaambiwa barua haikufika. Wenye umri chini ya miaka 18 wapate ridhaa ya wazazi, na picha za watoto msizisambaze kamwe.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Naongeza tu kwamba mwalimu mkuu aarifiwe kabla ya siku ya kwanza ya kuhesabu, maana watu wasiojulikana wakionekana na madaftari mbele ya shule watatiliwa shaka, na hapo mtajieleza kwa wazazi kabla hamjafika kwa mwenye barabara.