Niliulizwa nitazaa lini, breki hazikutajwa

Fundi wa Kondele, Kisumu
Hamjambo ndugu na dada zangu. Nilihitimu stashahada ya ufundi wa magari mwaka jana, na majuzi niliitwa kwa mahojiano katika gereji moja kubwa hapa mjini. Swali la kwanza lilikuwa kama nimeolewa, la pili ninapanga kuzaa lini, na kuhusu breki au injini sikuulizwa neno. Mwenzangu wa kiume, ambaye mimi ndiye niliyemwonyesha chuoni namna ya kupima betri kwa mita, alichukuliwa kuwa fundi siku hiyo hiyo; mimi nikapewa kazi ya kukaa mapokezi na kuandika nambari za magari yanayoingia, kwa mshahara mdogo kuliko wake. Je, niikubali nikitumaini kuingia karakana baadaye, au nilalamike? Na nikilalamika, nianzie wapi?

Mtetezi wa Wafanyakazi, Kisumu
Pole sana, dada. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza kumbagua mfanyakazi, na hata anayeomba kazi, kwa sababu ya jinsia au ujauzito. Wengi hawajui kwamba, madai kama haya yakifika mahakamani, sheria inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kuwa hakubagua. Kwa hiyo andika leo, kabla hujasahau, tarehe, waliokuwa chumbani na maswali yenyewe neno kwa neno, na usifute ujumbe wowote waliokutumia. Anzia ofisi ya leba. Ikishindikana, Mahakama ya Leba inasikiliza kesi hapa hapa Kisumu.

Mchomeleaji, Nakuru
Aliyosema mwenzangu ni kweli, lakini kodi ya nyumba haingoji hukumu. Mimi nilikubali kukaa mapokezi, na kila nilipoomba kushika kazi niliambiwa ningoje, hadi miezi saba ikapita. Nilipoingia karakana hatimaye, nilipewa ovaroli ya mwanamume mrefu, nikaikunja mikono mara tatu, na bado ukingo wake ulishika cheche nikaungua kifundo cha mkono. Kilichonitoa pale mezani ni mtihani wa ufundi wa NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, kwa kuwa cheti kile hakuna aliyeweza kukibishia. Ukikubali, dada yangu, kubali kwa mkataba unaotaja tarehe ya kuhamia karakana. Ahadi ya mdomo usiipokee.

Mwenye gereji, Kakamega
Mimi nimeajiri watu sita. Likizo ya uzazi ni miezi 3 kwa mshahara kamili, na anayeulipa ni mwajiri. Kwa gereji ndogo huo ni mzigo wa kweli, na ndiyo hofu iliyo nyuma ya swali uliloulizwa. Hata hivyo hofu hiyo si ruhusa ya kuvunja sheria. Niliwahi kumnyima binti kazi kwa sababu hiyo, na vijana wawili niliowachukua badala yake wakaondoka kabla ya mwaka kwisha, wakifuata mshahara mzuri zaidi Eldoret. Ningependa gharama ya likizo ibebwe na mfuko wa pamoja, waajiri wote tukiuchangia.

Fundi wa Kondele, Kisumu
Asanteni sana. Nimekwisha kuyaandika maswali yote. Jumatatu nitampelekea meneja barua ya kuomba nijaribiwe kwenye gari, kama alivyojaribiwa mwenzangu, na nakala nitabaki nayo. Akikataa, nitaipeleka ofisi ya leba.