Mambo ya kufikirika yanatufundishaje mambo ya kweli?

Mdadisi:
Wakuu naomba tujadili hili, limenikaa kichwani muda mrefu. Kila siku tunaambiana "hayo ni ya kufikirika tu" yaani hayana uzito, sasa mbona mwanasayansi Galileo kwenye kitabu chake cha 1638 alimbana Aristotle, mwanafalsafa wa kale aliyesema kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi, kwa mawe ya kichwani? Funga jiwe zito na jepesi pamoja, yaachie. Kama kweli zito linawahi chini, basi jepesi litalichelewesha, yataenda taratibu kuliko zito likiwa peke yake. Ila yakiungana si yamekuwa mazito zaidi? Basi yalitakiwa yawahi! Hoja ya Aristotle inajipinga yenyewe na hakuna jiwe lililodondoshwa. Huo ukweli umetoka wapi?

Hoja Kwanza:
Mkuu hapo kazi imefanywa na mantiki, picha ni pambo tu. Mwanafalsafa Sartre aliandika 1940 kwamba picha ya akilini haikupi kitu ambacho hukukiweka mwenyewe. Vuta picha ya jengo lolote lenye nguzo nyingi ulilowahi kuliona, halafu zihesabu. Kama siku ile hukuzihesabu utakwama, au utajitungia idadi. Jengo lenyewe lingekujibu hapo hapo.

Bi Tafakuri:
Kwenye nguzo sina ubishi ila umeishia njiani kaka. Chukua mchemraba wa mbao, upake rangi nyekundu nje kote, kisha kila upande uugawe sehemu tatu sawasawa upate vipande 27. Vingapi havina rangi hata kidogo? Tulia, angalia ndani... ni kimoja tu, cha katikati kabisa. Vyenye rangi pande tatu ni 8, vile vya kwenye pembe. Mimi sikukuwekea hayo majibu na wewe hukuyaweka, umeyakuta. Halafu wanasaikolojia Shepard na Metzler 1971 waliwaonyesha watu michoro miwili miwili waseme kama ni umbo moja limegeuzwa, na kadiri lilivyogeuzwa zaidi ndivyo jibu lilivyochelewa, kama vile mtu analizungusha kwa mkono. Kwa hiyo kuwaza nako kuna sheria zake, hatuwazi ovyo.

Msomaji wa Usiku:
Naongezea, kuna watu hawaoni picha yoyote wakifumba macho, daktari wa neva Adam Zeman na wenzake wakaiita hali hiyo afantasia 2015, na bado wengi wao maswali ya kuzungusha maumbo wanayapata. Labda picha siyo kiini cha kuwaza.

Mdadisi:
Asanteni sana, Bi Tafakuri umenifungua. Naanza kuona hivi: tunapowaza tunabeba sheria za nafasi na umbo tulizozizoea duniani, ndo maana mchemraba unajibu, ila idadi ya nguzo haifuati sheria yoyote ni lazima uende ukaangalie. Kinachonisumbua bado, Aristotle naye aliwaza, na watu waliona ana hoja kwa karne nyingi sana. Kwa hiyo ukiwa bado ndani ya kichwa chako, unajuaje sheria uliyobeba ni ya dunia na siyo mazoea yako tu?