Naomba ushauri: mtungi wa lita 11 au 15 kwa mbizi za Mnemba?
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunakwenda Unguja kupiga mbizi Mnemba. Wanaokodisha vifaa wana mitungi ya alumini ya lita 11 na ya chuma ya lita 15, yote hujazwa baa 200 (kipimo cha mgandamizo wa hewa). Mimi hewa naimaliza upesi. Geji yangu ikisoma 50, mwenzangu bado ana 90, na anakatisha mbizi kwa ajili yangu (lawama naisikia mpaka hotelini). Wa lita 15 unanipa hewa lita 3,000 badala ya 2,200, ila ni mzito. Wa alumini nao ukikaribia kuisha unataka kuelea. Waliotumia wa chuma, mlipunguza risasi (vile vipande vizito vya kukusaidia kuzama) kilo ngapi mkandani? Tunashuka mita 18 tu.